Kama upasuaji wa mtoto wa jicho ni dakika 20, kwa nini baba ameitwa hospitali mara tatu?

"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 72 na ana mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia limezidi. Tuliambiwa upasuaji wenyewe ni dakika 20 hivi na kwamba atarudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini mpaka leo tumeitwa hospitali mara tatu. Mara ya kwanza alipimwa, mara ya pili wakarudia vipimo vilevile, mara ya tatu wakasema kope zake zina uvimbe na uchafu, tukaelekezwa namna ya kuzisafisha na tarehe ikasogezwa mbele. Baba ana kisukari na presha, anatumia warfarin kwa ajili ya moyo, na pia tamsulosin ya tezi dume. Jirani anashauri aache dawa zote wiki moja kabla ya upasuaji. Wengine wanasema asubiri mtoto wa jicho akomae kwanza. Tangu ujana anavaa miwani ya kuona mbali, akitaka kusoma anaivua. Je, hospitali inatuzungusha? Na sisi nyumbani tumwandae vipi?"

Marahaba. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja na nahisi kuna hofu mbili ndani yake: kwamba mnazungushwa, na kwamba huenda baba ana tatizo kubwa ambalo hamjaambiwa. Kwa hayo uliyoyaeleza, hawawazungushi. Kurudia vipimo na kusogeza tarehe kwa sababu ya kope ni mambo ambayo hata mimi ningeyafanya, na daktari ambaye angemwingiza baba yako thieta bila kuyafanya ndiye ningemtilia shaka. Hofu ya pili nayo, sioni ulichoandika kinachoashiria jicho lililoharibika. Ninachokiona ni mzee mwenye mambo manne au matano, kila moja lina njia yake, mradi lijulikane kabla hajalala kitandani.

Nianze na jicho lenyewe, maana ushauri mwingi wa mitaani unapotea hapo. Nyuma ya mboni, lile tundu jeusi la katikati, kuna lenzi. Ina kipenyo cha karibu sentimita 1, imejaa maji na protini zilizopangwa vizuri kiasi kwamba mwanga hupita bila kuzuiwa. Miaka ikienda, na kwa wenye kisukari mapema zaidi, protini hizo huharibika na kushikamana, na mwanga unatawanyika badala ya kupita. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Si utando ulioota juu ya jicho, kwa hiyo hakuna dawa ya matone ya kumyeyusha wala hakwanguliwi kwa nje. Lenzi yote imefungwa ndani ya kifuko chembamba mno. Daktari hutoboa njia ya milimita 2 hadi 3 pembeni mwa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Hufungua tundu la mviringo mbele ya kifuko, huivunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, huifyonza, kisha huingiza lenzi ya bandia iliyokunjwa, ikajikunjua ndani ya kifuko kilekile. Lenzi ikiwa ngumu sana, au mashine hiyo isipokuwepo, hutengenezwa njia pana zaidi, milimita 6 au 7, na kiini cha lenzi hutolewa kizima. Mikononi mwa mzoefu, njia hiyo nayo huleta matokeo mazuri. Na hapana, jicho halitolewi nje likarudishwa. Nalisema hilo kwa sababu wagonjwa wengi huliwaza usiku kucha na kuona haya kuuliza.

Sasa tazama kazi hiyo kwa macho ya daktari. Akishaketi kwenye darubini yake, maamuzi makubwa yamekwisha kufanyika. Lenzi ya bandia ya kawaida ina nguvu moja, na itakaa humo maisha yote. Nguvu hiyo ilichaguliwa kabla, boksi limeandikwa namba na liko mezani. Hata daktari awe fundi kiasi gani, namba ikikosewa baba atabanduliwa bandeji akiwa na jicho safi lisiloona inavyopaswa. Dakika 20 hizo ni za kutekeleza yaliyoamuliwa huko nyuma, wakati ninyi mnadhani hakuna kinachofanyika.

Namba ya lenzi hupatikana kwa hesabu inayotegemea hasa vipimo viwili: urefu wa jicho kutoka mbele hadi kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, na mkunjo wa konea. Jicho la mtu mzima lina wastani wa milimita 23 na nusu hivi. Ukikosea urefu huo kwa milimita 1 tu, namba ya miwani baada ya upasuaji inapotea kwa takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2 na nusu hadi 3. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mzee anayevuka barabara bila miwani na mzee anayeshindwa kumtambua mjukuu wake aliyesimama ng'ambo ya chumba.

Kama ulikuwa chumbani baba alipopimwa, labda uliyaona haya. Anaweka kidevu kwenye kiegemeo, paji la uso linagusa mkanda, anaambiwa atazame kijitaa asipepese. Anapepesa. Anaambiwa tena. Mashine inatoa namba, mpimaji anakunja uso, anabonyeza upya. Mashine hiyo hupima kwa mwanga, na mwanga ukikutana na mtoto wa jicho mzito haupenyi. Hapo inabidi kutumia ultrasound: jicho linatiwa ganzi ya matone na ncha ya kipimo inaguswa juu ya konea. Mkono ukikandamiza kidogo tu, jicho linabonyea, linasomeka fupi kuliko lilivyo, na lenzi inayochaguliwa inakuwa na nguvu kupita kiasi. Ndiyo maana mpimaji makini hukusanya namba kadhaa na kuzilinganisha, kisha hulinganisha jicho la kulia na la kushoto. Macho ya mtu mmoja kwa kawaida hayapishani sana urefu, kwa hiyo yakipishana bila sababu inayojulikana, mtu huitwa tena.

Kwa baba yako naona sababu mbili zaidi. Aliyevaa miwani ya kuona mbali tangu ujana mara nyingi ana jicho refu kuliko la kawaida, na macho marefu sana wakati mwingine huwa yamebonyea kule nyuma, ultrasound ikapima pembeni ya pale panapotakiwa. Sababu ya pili ni hizo kope. Kope zenye uvimbe huharibu machozi, na konea ambayo machozi yake yanakatikakatika hutoa mkunjo tofauti kila ikipimwa. Inawezekana kabisa kwamba ziara ya pili na ya tatu zilitokana na jambo moja: namba zilikataa kukubaliana, wakatafuta chanzo, wakakikuta kwenye kope. Waulizeni. Wasomaji wengine wanaovaa lenzi za plastiki juu ya jicho nao wajue kwamba lenzi hizo hubadilisha mkunjo wa konea. Zinapaswa kuvuliwa kabla ya vipimo, laini kwa wiki moja au mbili, ngumu kwa muda mrefu zaidi, kama daktari atakavyoelekeza. Na aliyewahi kufanyiwa leza ya kupunguza miwani aseme, hata kama ni miaka 20 iliyopita, kwa sababu hesabu ya kawaida kwa jicho lake hutoa jibu lisilo sahihi.

Nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika. Umesema kwa kupitia tu kwamba baba akitaka kusoma huvua miwani. Maana yake ni kwamba macho yake, kwa maumbile, ni ya kuona karibu. Maisha yake yote amesoma kwa macho matupu. Daktari akipanga lenzi ya kuona mbali, kama ilivyo kawaida kwa wagonjwa wengi, baba ataamka anaona mbali bila miwani, huenda kwa mara ya kwanza tangu utoto. Lakini hataweza tena kusoma hata ujumbe wa simu bila miwani ya kusomea. Nimeona watu wanaofurahi kwa badiliko hilo, na nimeona wengine, wasomaji hasa, wanaohisi wamenyang'anywa kitu. Upasuaji wao ulikwenda vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo kuna chaguo la kufanya, na ni la baba mwenyewe, si la watoto wake. Anaweza kupangiwa kuona mbali, akatumia miwani kusoma. Anaweza kupangiwa kuona karibu, akabaki kama alivyozoea: kitabu bila miwani, barabara kwa miwani. Wapo wanaopangiwa jicho moja mbali na jingine karibu, na wengine ubongo wao huzoea, wengine hawazoei kamwe, hivyo simpendekezei mtu ambaye hajawahi kuijaribu hali hiyo kwa miwani au kwa lenzi za kuvaa. Zipo pia lenzi za bandia zenye nguvu zaidi ya moja, ambazo hupunguza haja ya miwani lakini huleta miduara kuzunguka taa usiku na kupunguza uwezo wa kutofautisha vitu kwenye mwanga hafifu. Kwa mtu mwenye kisukari ambaye retina yake imeguswa au inaweza kuguswa baadaye, mimi siziungi mkono, hata zikitangazwa kwa maneno matamu kiasi gani.

Halafu kuna miezi ya katikati, kati ya jicho la kwanza na la pili. Tuseme miwani yake ni ya dayopta 6. Jicho la kulia likirekebishwa lione mbali bila miwani na la kushoto likabaki lilivyo, tofauti kati yake ni dayopta 6, na hakuna miwani itakayoyapatanisha vizuri: picha za macho mawili zitatofautiana ukubwa, atahisi kizunguzungu, atakosea ngazi. Kama miwani yake ni nzito, ulizeni mapema jicho la pili litafanywa lini na avae nini wakati wa kusubiri. Nendeni na miwani yake yote, hata ile kuukuu, na baba aeleze siku yake ilivyo: anasoma kwa muda gani, anaendesha gari au la, kazi gani za mikono anazipenda na anazishikia umbali gani kutoka usoni. Daktari asipouliza, mwambieni bila kuulizwa.

Kuhusu kope, najua ndilo lililowaudhi zaidi, maana linaonekana dogo. Hatari tunayoiogopa kuliko zote katika upasuaji huu ni maambukizi ndani ya jicho. Ni nadra. Kwenye vituo vinavyofuata utaratibu humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya 1,000, au pungufu ya hapo. Lakini yakitokea, jicho linaweza kupotea ndani ya siku chache. Na bakteria wanaoyasababisha mara nyingi hawatoki kwenye vyombo wala kwa daktari, ni walewale wanaoishi kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana kabla ya kukata, jicho na kope husafishwa kwa povidone-iodine, dawa ya kuua vijidudu, ile ya ndani ya jicho ikiwa ya asilimia 5, na huachwa kama dakika 3 ifanye kazi. Hicho ni kinga iliyothibitika vizuri, na kama baba aliwahi kudhurika na iodine asilifiche. Utafiti mkubwa uliofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2007 uliongeza kinga nyingine: ambao hawakuwekewa antibiotiki ya cefuroxime ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano zaidi wa kupata maambukizi hayo. Ni haki yenu kuuliza kama kituo chenu hufanya hivyo au kina mbadala. Ila dawa hizi zote hufanya kazi vizuri zaidi kwenye kope safi kuliko kwenye kope zilizojaa magamba.

Mwangalie baba asubuhi karibu na dirisha, kabla hajanawa. Vuta kope ya chini polepole. Ukiona magamba meupe au ya njano yameng'ang'ania kwenye mashina ya nywele za kope, ukingo mwekundu, au matongotongo yaliyokauka pembeni, kazi haijaisha. Nawa mikono, chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu (si ya moto, ngozi hiyo ni nyembamba), kiweke juu ya kope zilizofumba kwa dakika 5 hadi 10 huku ukikirudisha majini kila kinapopoa. Kisha kanda ukingo wa kope taratibu kwa kidole, wa juu kuelekea chini, wa chini kuelekea juu, ili mafuta yaliyoganda yatoke. Mwisho, kwa pamba iliyolowekwa dawa mliyopewa, au maji yaliyochemshwa yakapoa, futa kufuata mstari wa mashina ya kope, pamba moja kwa jicho moja. Asubuhi na jioni. Wiki mbili za kazi hiyo bila kuruka siku hubadilisha kope nyingi. Wanja na vipodozi vya macho vikae kando kipindi hicho, na dawa za kienyeji zisitiwe jichoni kabisa.

Sasa ushauri wa jirani. Naomba muukatae wote, kwa sababu unaweza kumuua mtu kwa ajili ya jicho. Warfarin anayotumia baba huzuia damu isigande moyoni na kwenye mishipa, na akiiacha wiki nzima bila mpango anaweza kupata kiharusi. Konea haina mishipa ya damu, na upasuaji ukifanywa kupitia konea kwa ganzi ya matone, hatari ya kuvuja damu ni ndogo mno. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa warfarin huendelea nayo kama kawaida. Kinachotakiwa ni kipimo cha INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inavyoganda, siku chache kabla, kuhakikisha damu haijawa nyepesi kupita kiwango alichopangiwa. Kama kituo chenu hutumia ganzi ya sindano nyuma ya jicho, hapo kuna hatari ya kweli ya damu kuvujia huko, na daktari anaweza kuchagua ganzi ya aina nyingine. Kama kutahitajika badiliko lolote kwenye warfarin, liamuliwe na daktari wa macho na wa moyo kwa pamoja.

Tamsulosin ina kisa chake. Dawa hiyo hulegeza misuli ya njia ya mkojo, lakini irisi, ile sehemu ya rangi inayoizunguka mboni, nayo ina misuli inayoitikia dawa hiyohiyo. Mwaka 2005 madaktari wawili wa Marekani walieleza kitu ambacho wapasuaji walikuwa wakikutana nacho bila kujua chanzo: kwa wanaume wanaotumia tamsulosin, irisi hupepea kama tanga lililolegea kamba, mboni husinyaa katikati ya upasuaji, na irisi hutafuta kuchomoka kupitia tundu. Daktari aliyeshtukizwa anaweza kukichana kifuko cha lenzi. Daktari aliyejua mapema huandaa dawa ya kuipanua mboni ndani ya jicho, au vijikulabu vya kuishikilia irisi, na kazi ikaisha salama. Na kuacha tamsulosin siku chache kabla hakuondoi tatizo, maana athari hubaki hata baada ya muda mrefu, huku baba akipata shida ya kukojoa. Basi aendelee kuinywa, ila jina lake liandikwe kwa herufi kubwa kwenye faili. Hata aliyewahi kuitumia zamani akaacha, aseme. Njia rahisi ya kutosahau ni kubeba mfuko mzima wa dawa zake, pakiti na chupa, na kuumimina mezani mbele ya daktari au nesi.

Kwenye kisukari, jambo la kwanza ni retina. Lazima itazamwe kabla ya upasuaji, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, na ikiwezekana ipigwe picha ya tabaka zake. Uvimbe wa katikati ya retina unaotokana na kisukari unaweza kuongezeka baada ya upasuaji, hivyo ukiwepo hutibiwa kwanza au hupangiwa matibabu sambamba. Pia hapo ndipo mtapata jibu la kweli la swali ambalo kila familia inapaswa kuuliza: tukiondoa mtoto wa jicho, tutarajie aone kiasi gani? Kama retina ina kovu, lenzi mpya haitalifuta, na ni afadhali baba alijue hilo sasa kuliko siku ya kubanduliwa bandeji. Sukari yenyewe iwe imetulia kwa wiki kadhaa. Msiishushe kwa pupa siku mbili kabla ili kipimo kipendeze, maana sukari ikishuka ghafla humdhuru mzee kuliko ikiwa juu kidogo. Presha nayo ni hivyohivyo. Dawa zake anywe asubuhi hiyo kama kawaida, isipokuwa aelekezwe vingine.

Niwe mkweli pia kwa upande wa pili: si kila kinachoitwa maandalizi kina faida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliohusisha upasuaji zaidi ya 19,000 wa mtoto wa jicho, ulilinganisha wagonjwa waliopimwa damu na moyo kwa mazoea tu na wale waliopimwa pale tu afya yao ilipodai. Matatizo hayakutofautiana. Kwa hiyo mkiandikiwa orodha ndefu ya vipimo, ni halali kuuliza kwa upole kila kimoja ni cha nini. INR kwa anayetumia warfarin, sukari kwa mwenye kisukari: hivyo vina kazi. Kurudia kupima jicho kuna kazi. Picha ya kifua kwa mtu asiye na tatizo la kifua, mimi sioni.

Kuhusu kusubiri akomae: ushauri huo ulikuwa na maana zamani, wakati lenzi laini ilikuwa ngumu kuitoa yote. Leo mambo yamegeuka. Lenzi iliyokomaa huwa ngumu, huhitaji nguvu nyingi zaidi kuivunja, na nguvu hiyo huchosha chembe za ndani ya konea ambazo mwili hauzioteshi upya. Mtoto wa jicho mzito huzuia pia retina isionekane, na kwa mwenye kisukari hilo ni hasara. Akiachwa kupita kiasi lenzi inaweza kuvimba na kupandisha presha ya jicho. Kipimo cha wakati mwafaka ni maisha ya baba: je, haoni vya kutosha kufanya anayoyataka, anajikwaa, ameacha kusoma? Hata hivyo hakuna dharura. Wiki tatu au nne za kusafisha kope hazimpunguzii chochote.

Kitu kimoja watu hawakifanyii mazoezi ni kulala chali. Baba atakuwa macho, amepigwa ganzi ya jicho tu, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu, na atatakiwa atulie nusu saa hivi. Ataona mwanga mkali na rangi zinazocheza, atahisi maji yanamwagika, atasikia mashine ikilia, lakini hapaswi kuhisi maumivu makali. Akiyahisi aseme kwa mdomo bila kugeuza kichwa, ganzi huongezwa. Nyumbani mjaribuni: alale chali, mto mmoja mwembamba, shuka jepesi limfunike uso bila kuziba pumzi, dakika 30. Akipata shida ya pumzi, akikohoa mfululizo, mgongo ukimuuma au akiogopa kufunikwa, hizo ni habari ambazo daktari anazihitaji kabla, kwa sababu kitanda kinaweza kuinuliwa, kikohozi kinaweza kutibiwa, na wachache hulazimika kupewa nusu kaputi. Kikohozi cha ghafla wakati chombo kimo ndani ya jicho ni hatari kweli. Kama hasikii vizuri au hutetemeka kichwa, semeni pia.

Suala la kula asubuhi hiyo linategemea aina ya ganzi. Vituo vingi vinavyotumia ganzi ya matone huruhusu mgonjwa ale kidogo, vingine vinataka afunge. Msikisie, hasa kwa kuwa akinywa vidonge vya sukari au kuchoma insulini huku amefunga, sukari inaweza kushuka hatarini. Ulizeni moja kwa moja: ale au asile, na dawa ya sukari iweje? Siku hiyo aoge, anawe uso, avae shati la vifungo lisilovuliwa kupitia kichwani, na awepo mtu wa kurudi naye.

Mazoezi mengine ni ya matone. Baada ya upasuaji atatumia dawa za matone kwa takriban wiki nne, mara kadhaa kwa siku. Nunueni mapema chupa ya machozi ya bandia na mjaribu: kichwa nyuma, kope ya chini ivutwe iwe mfuko mdogo, tone moja, ncha isiguse jicho, afumbe kwa dakika moja au mbili. Kama mikono yake inatetemeka, amueni sasa nani atamtilia mchana wakati ninyi mko kazini. Pangeni pia miadi ya marudio kabla hamjaondoka hospitali.

Kuna hali ambazo haziwezi kungoja tarehe iliyosogezwa. Jicho likiuma na kuwa jekundu ghafla, au kuona kukipungua ndani ya saa au siku badala ya miezi, huyo si mtoto wa jicho peke yake. Na kwa kuwa baba ana macho ya karibu, akianza kuona mimweko ya mwanga, vidoadoa vingi vipya, au kivuli kinachofunika upande mmoja, inaweza kuwa retina inabanduka, nendeni siku hiyohiyo. Hilo linahusu kipindi cha kusubiri na miaka baada ya upasuaji pia. Baada ya upasuaji, kukwaruza kidogo na ukungu wa siku ya kwanza ni kawaida. Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, usaha, au kuona kunakorudi nyuma baada ya kuwa kumeanza kuwa kuzuri, hasa ndani ya wiki mbili za kwanza, hayo msiyapigie hesabu ya asubuhi. Pigeni simu ya dharura mliyopewa, na kama haipokelewi, mpelekeni baba palipo na daktari wa macho usiku huohuo, mkiwa na dawa zake na karatasi ya upasuaji mkononi.